Daktari asiyeshika kisu

Na Mwandishi Wetu

MWULIZE mwanafunzi wa udaktari angependa kubobea katika nini, na mara nyingi atakujibu: upasuaji. Si ajabu. Kazi ya mpasuaji huonekana. Mgonjwa huingia na uvimbe, hutoka bila uvimbe.

Lakini kuna daktari mwingine asiyeshika kisu. Huyu ni bingwa wa magonjwa ya ndani ya watu wazima: moyo, mapafu, figo, ini, kisukari na mengineyo. Silaha yake kubwa ni kuuliza na kusikiliza.

Chukua mfano wa mgonjwa aliyevimba miguu na anayehema. Je, ni moyo, figo au ini? Kukosea hapa si jambo dogo. Chupa ya maji inayomwokoa aliyekaukiwa kwa kuhara yaweza kumzamisha mwenye moyo dhaifu. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kutazama, kupapasa, kugonga kifua kwa vidole, kisha kusikiliza kwa kipimo cha masikioni, chombo kilichobuniwa na Mfaransa Laennec mwaka wa 1816.

Safari yenyewe ni ndefu. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, shahada ya kwanza huchukua miaka sita. Hufuata miezi 12 ya uanagenzi hospitalini, kisha shahada ya uzamili isiyopungua miaka mitatu. Atakaye kuwa bingwa wa moyo au figo husonga mbele tena.

Wala njia haina maua pekee. Mwaka wa 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya hoja kuu ilikuwa ajira na malipo ya wanagenzi.

Mwanafunzi afanyeje basi? Kwanza, asichague kabla ya kupitia wodi zote. Pili, azungumze na mgonjwa mwenyewe kabla ya kufungua faili yake. Tatu, awaulize madaktari wanaosomea ubingwa jinsi wanavyokesha.

Mwisho, ajiulize swali moja. Kisukari na shinikizo la damu kwa kawaida haviponi, hudhibitiwa. Mgonjwa yule yule atarudi mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Je, utafurahi kumwona akiingia tena mlangoni kwa miguu yake mwenyewe?

Ukijibu ndiyo, huenda umepata kazi yako.