Mdomo wa Tangi: Ujenzi wa Shingo na Kifuniko cha Tangi la Ardhini

Matisi ni wadi ya eneo bunge la Saboti, pembezoni mwa mji wa Kitale. Mvua hunyesha huko kuanzia Machi au Aprili hadi Oktoba, kisha kiangazi hutawala kati ya Desemba na Februari. Katika mazingira hayo, tangi la ardhini huwa hazina: maji ya paa hukingwa wakati wa neema yakatumiwa wakati wa dhiki. Uhifadhi wa namna hii si mgeni kwa Waswahili, kwani visiwani Lamu maji ya mvua yamekingwa katika majabia tangu zamani.

Hata hivyo, kuta imara hazitoshi. Usalama wa maji, na wa watu, hutegemea sehemu iliyo ndogo kuliko zote: mdomo. Sehemu hii ina viungo viwili, yaani shingo, ambayo ni njia ya wima itokayo kwenye dari la tangi hadi juu ya ardhi, na kifuniko chake.

Kwanza, tundu la shingo hutengwa kabla ya zege la dari kumwagwa, wala halitobolewi baadaye. Upana wa sentimita 60 kwa 60 humtosha mtu kupita. Hufaa liwe karibu na ukuta ili ngazi ipate pa kuegemea. Kwa kuwa nyufa huanzia pembeni mwa tundu, vyuma vya ziada hulazwa mshazari katika kila pembe.

Pili, shingo huinuliwa walau sentimita 30 juu ya ardhi, na udongo unaoizunguka huteremshwa kuelekea nje. Shingo iliyo sawa na ardhi huyakaribisha maji ya masika, nayo hubeba tope na uchafu wa vyoo vya shimo.

Tatu, kifuniko hutengenezwa kikiwa na ukingo unaoshuka nje ya shingo kwa sentimita 5 hivi, ili mvua isipenye. Zege lake humwagiliwa maji kwa muda wa siku 7 ili likomae. Kifuniko cha zege chenye sentimita 70 kwa 70 na unene wa sentimita 7.5 hukaribia kilo 90, hivyo huhitaji watu wawili na mikono ya chuma. Kifuniko cha bati nene ni chepesi, lakini mtoto aweza kukifunua. Sharti kiwe na kufuli.

Hatimaye, hatari kubwa zaidi haionekani. Mbao za kalibu zilizoachwa ndani ya tangi lililofungwa huoza na kuimaliza oksijeni. Mshumaa unaoendelea kuwaka hauthibitishi usalama, kwani hewa ya ukaa yenye sumu itokayo kwenye pampu ya petroli haiuzimi. Kwa hiyo, tangi hufunguliwa na kupulizwa hewa safi kabla na wakati wa kazi, pampu hubaki nje, na anayeingia hufungwa kamba inayoshikwa na mwenzake aliye juu. Akizirai, huvutwa kwa kamba hiyo. Aliye nje asimfuate, kwani huruma ya namna hiyo hugeuza msiba mmoja kuwa miwili.