Mirija ya Petroli ya Gari Kuukuu: Uteuzi Wake na Matumizi Yake katika Somo la Sayansi

Walimu wanafunzi wanaporudi chuoni kutoka mazoezi ya kufundisha, lalamiko moja halikosi kusikika: somo la sayansi halina zana. Shule haina maabara, kabati lina chupa mbili na kipimajoto kilichovunjika, na mwalimu mkuu hana fedha. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake. Hata hivyo, aghalabu hutolewa na mtu aliyesimama hatua ishirini tu kutoka kwenye gari kuukuu lililoegeshwa chini ya mwembe, asitambue kwamba chini ya boneti ya gari lile mna mada nusu ya muhtasari wa darasa la sita.

Katika makala haya tutatazama sehemu moja ndogo ya gari hilo, yaani mirija inayopeleka petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini, pamoja na viungio vyake. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba inafundishika kwa urahisi. Ya pili ni kwamba mwanachuo, baada ya miaka michache, huenda ukawa mwalimu mkuu, na siku moja utaletewa karatasi ya matengenezo ya gari ili uitie sahihi.

Mimi niliwahi kuitia sahihi karatasi ya namna hiyo. Gari lilikuwa Land Rover Series III ya petroli, aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Mrija wa karibu na injini ulikuwa unavuja, na aliyetumwa dukani alileta mpira mwangavu wa maji kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Nilitazama bei, nikatia sahihi. Wiki chache baadaye tulipanda gari lile watu tisa kwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Katikati ya mlima tulisikia harufu kali ya petroli. Dereva alizima injini papo hapo akatuamuru tushuke sote. Alipofungua boneti tuliona kwamba mpira ule ulikuwa umekakamaa kama ukucha, umepasuka kwenye klipu, na petroli ilikuwa ikidondoka shibri moja tu kutoka kwenye bomba la ekzosi. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile sijapata kutia sahihi karatasi ya fundi bila kuuliza kitu hiki kimetengenezwa kwa kazi gani.

Yafaa kwanza tuifuate njia ya petroli. Katika gari la zamani lenye kabureta, petroli hutoka kwenye tangi, hupita katika bomba jembamba la chuma lililofungwa kwenye chasisi, hufika kwenye pampu iliyoko ubavuni mwa injini, kisha huinuliwa hadi kwenye kabureta. Pampu hiyo ina kiwambo kinachovutwa na kuachiwa na mtambo wa injini yenyewe. Kiwambo kikivutwa hufyonza petroli kutoka kwenye tangi. Kikiachiwa huisukuma mbele. Kwa hiyo njia hii ina pande mbili zenye tabia tofauti, na jambo hili wengi hawalitambui, hata baadhi ya mafundi. Upande wa mbele ya pampu ni upande wa kusukumwa: mrija ukitoboka, petroli hutoka nje, nawe utaiona au utaisikia harufu yake. Upande wa nyuma ni upande wa kufyonzwa: mrija ukiwa na ufa mdogo, wakati injini inafanya kazi petroli haitoki, bali hewa ndiyo inayoingia. Gari litakwama mlimani, litawaka tena tambarare, na fundi atabadilisha plagi, kabureta, hata pampu yenyewe, ilhali ugonjwa uko kwenye kipande cha mpira karibu na tangi. Mtoto aliyewahi kunywa maji ya dafu kwa mrija uliotoboka anaijua hali hii vizuri kabisa. Kutokana na ufyonzaji huo huo, mpira laini wenye ukuta mwembamba hujikunja na kujifunga wenyewe ukipata joto.

Mgandamizo katika gari la namna hii ni mdogo, haufikii paundi 10 kwa inchi ya mraba, yaani ni mdogo kuliko ule ulio ndani ya gurudumu la baiskeli. Magari ya baadaye, ambayo petroli yake hupulizwa ndani ya injini badala ya kupita katika kabureta, huhitaji mgandamizo mkubwa zaidi, paundi 40 hivi na kuendelea. Ndiyo maana mipira ya petroli hupigwa chapa ubavuni. Mpira wenye chapa ya SAE 30R7 umekusudiwa mgandamizo mdogo na unalifaa gari la kabureta. Ule wenye chapa ya SAE 30R9 umekusudiwa magari ya kupuliza, nao hustahimili zaidi joto na petroli za siku hizi. Kuutumia R9 katika gari la kabureta si kosa, ni gharama tu. Lakini kuutumia R7 katika gari la kupuliza ni hatari. Mpira usio na chapa yoyote usinunuliwe, hata muuzaji akiapa. Vilevile mipira hii imekusudiwa kulowa upande wa ndani tu. Kipande kitakachozama ndani ya tangi kinahitaji mpira wa aina nyingine, wenye chapa ya 30R10.

Mbona tusitumie mpira wowote? Mpira wa asili, ule utokao katika utomvu wa mti, hufyonza petroli ukavimba na kulegea. Plastiki nyangavu ya mipira ya maji ina dawa ya kuilainisha. Petroli huitoa dawa hiyo kidogo kidogo, na plastiki hubaki ngumu na yenye kuvunjika. Mpira wa petroli hutengenezwa kwa aina nyingine za mpira wa viwandani zisizovimba sana, ukatiwa nyuzi katikati. Aidha, petroli yenyewe imebadilika. Nchi kadhaa huchanganya petroli na spiriti itokanayo na miwa: Malawi ilianza mwaka 1982, na Kenya ilifanya hivyo kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 1983. Spiriti hii huvuta unyevu, huweza kuharakisha kutu ndani ya tangi, na hubambua uchafu mkongwe uliogandamana humo. Mpira uliotengenezwa zamani, kabla ya kufikiriwa mchanganyiko huo, huweza kupasuka upesi. Kwa hiyo mpira wa kale uliokaa dukani miaka kumi si mpya, hata kama haujawahi kuguswa na petroli.

Kuhusu bomba la chini ya gari, mafundi wengi hupenda shaba nyekundu kwa sababu hupindika kwa mkono na haili kutu. Mimi siishauri. Shaba tupu inapotikiswa siku nyingi hukakamaa na hatimaye hupasuka, na gari la barabara za vumbi hutikisika tangu asubuhi hadi jioni. Bomba la chuma lililopakwa kinga ya kutu, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ni bora zaidi. Huo wa pili hupindika karibu kama shaba na haukakamai upesi. Jambo lililo muhimu ni kwamba bomba lisifike hadi kwenye injini bila kipande cha mpira kati yao. Injini imekaa juu ya mipira yake na hucheza, ilhali chasisi haichezi pamoja nayo. Pakikosekana kitu cha kunyumbuka, bomba litakatika.

Hapa patokee pia somo la hisabati. Magari ya Uingereza ya zamani yalipimwa kwa inchi, na mipira mingi madukani leo hupimwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Bomba la inchi 5/16 ni milimita 7.94, na mpira wa milimita 8 utalifaa. Bomba la inchi 1/4 ni milimita 6.35; mpira wa 6 utaingia kwa kulazimishwa kidogo, nao utashika vema. Lakini bomba la inchi 3/8 ni milimita 9.53, na mpira wa 10 utalegea juu yake, ukategemea klipu peke yake. Sijui mfano bora kuliko huu wa kumjibu mwanafunzi anayeuliza sehemu na desimali zitamsaidia nini maishani.

Klipu nayo ina mambo yake. Ile ya kawaida yenye skrubu na matundu hukata mpira inapokazwa sana, kwa kuwa kingo zake ni kali na mpira husukumwa ndani ya matundu yake. Ipo nyingine yenye utepe usio na matundu na kingo zilizokunjwa. Ni ghali kidogo, nayo ndiyo ifaayo. Ncha ya bomba iwe na uvimbe mdogo wa kuzunguka, mpira upitishwe juu ya uvimbe huo, na klipu ikae nyuma yake, si juu yake. Ncha iliyokatwa kwa msumeno ikaachwa laini hivyo hivyo huuachia mpira siku moja.

Viungio vya nati huzuia kuvuja kwa mdomo wa bomba uliopanuliwa kama tarumbeta na kukandamizwa kwenye kiti chake. Nyuzi za nati kazi yake ni kukaza tu, haziziibi petroli. Katika viungio hivyo, utepe mweupe wa mafundi wa maji hauna faida. Vipande vyake huchanika, husafiri na petroli, na kuziba vitundu vya kabureta. Pia mdomo hupanuliwa kwa pembe zisizofanana: upo wa nyuzi 45 na upo wa nyuzi 37. Viungio vya aina hizo mbili vinaweza kuonekana vimeingiana, lakini havitakaa sawasawa. Fundi ataendelea kukaza hadi nati ipasuke. Kwa hiyo kiungio cha zamani kipelekwe dukani kilinganishwe na kipya. Kisielezwe kwa maneno.

Njia ya bomba iwe mbali na ekzosi. Petroli huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 40 za Selsiasi hivi, na ikichemka ndani ya bomba, pampu hufyonza mvuke badala ya petroli, gari likazimika adhuhuri na kuwaka jioni. Panapopitishwa bomba katika tundu la bati pawekwe pete ya mpira, na bomba lifungwe kwenye chasisi kila baada ya nusu mita au pungufu.

Sasa turudi darasani. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwalimu mwanafunzi kuanza kwa kuchora ubaoni tangi, pampu na kabureta, akaandika majina, na watoto wakanakili. Somo limekwisha kabla ya kuanza. Afadhali uanze na mrija wa kunywea na kikombe cha maji. Mtoto anywe, kisha toboa mrija kwa pini, anywe tena, kisha ziba tundu kwa kidole. Waulize kilichoingia tunduni ni nini. Wakishakujibu, ndipo uwapeleke kwenye gari lililozimwa na kupoa, waifuate njia ya petroli kwa macho, na wajiulize wenyewe ni upande upi utakaodondosha petroli ukitoboka na ni upi utakaofyonza hewa.

Jaribio la pili huchukua siku kadhaa. Kata vipande vya urefu wa sentimita 10: cha mpira wa manati, cha mpira mwangavu wa maji, na cha mpira wa petroli wenye chapa. Vitie katika chupa za kioo zenye mafuta ya taa, uzifunge vifuniko. Na vipande vingine vya aina zizo hizo uvitie katika maji, ili pawepo cha kulinganisha. Watoto wapime urefu baada ya siku moja, baada ya siku tatu, na baada ya wiki, na waandike katika jedwali. Mpira wa manati utarefuka na kulegea. Ule mwangavu huchelewa kuonyesha mabadiliko. Uache wiki mbili au zaidi, kisha uukunje.

Mwanachuo angalia sana: nimesema mafuta ya taa, sikusema petroli. Mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi kali, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa sakafuni hadi ukaufikia moto wa jikoni. Petroli isiingie darasani hata kijiko kimoja. Mafuta ya taa yenyewe umimine wewe, nje, mbali na moto, na chupa zikae katika kabati lenye kufuli. Waonye watoto pia juu ya desturi ya kufyonza petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia mapafuni huua, na wengi wao wamewaona watu wazima wakifanya hivyo kando ya barabara.

Endapo gari la shule litatengenezwa ukiwapo, fundi aanze kwa kufungua waya wa betri, kazi ifanyike uwanjani, na tangi tupu lisichomelewe kamwe, maana tangi tupu limejaa mvuke. Kazi ikiisha, injini iwashwe dakika kumi na kila kiungio kiguswe kwa kitambaa kikavu. Baada ya wiki moja viungio hivyo viguswe tena, kwa kuwa mpira mpya hutulia na klipu hulegea kidogo. Mimi huandika tarehe hiyo ya pili juu ya karatasi ya malipo yenyewe, kabla ya kutia sahihi.