Nani Abebe Lawama? Kosa la Mmoja na Kosa la Wengi

Katika mazungumzo ya kila siku lawama na wajibu hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kazi zake katika jamii ni mbili. Lawama ni hukumu inayotolewa juu ya tendo lililokwisha kupita, na kwa kawaida humwangukia mtu ambaye jina lake linaweza kutajwa. Wajibu ni deni ambalo mtu analo kwa wenzake kabla ya tendo, wakati wa tendo na baada yake, na deni hilo laweza kuwa la watu wengi kwa pamoja bila hata mmoja wao kupunguziwa sehemu yake. Jamii isiyotenganisha mambo hayo hufuata mojawapo ya njia mbili mbovu baada ya msiba: ama humtafuta mtu wa kutolewa kafara, ama husema kwamba ajali haina kinga, ikazika na kunyamaza. Njia zote mbili humwacha salama yule aliyekuwa na uwezo mkubwa kuliko wote wa kuuzuia msiba huo.

Njia ya kwanza ina mvuto wa pekee kwa sababu inatokana na namna binadamu anavyofikiri. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Mmarekani Lee Ross aliipa tabia hiyo jina la kosa la msingi la uhusishaji, yaani mazoea ya mtazamaji kulihusisha tendo la mwenzake na hulka ya mtendaji, kama vile uzembe, ulevi au tamaa, na kuyapuuza mazingira yaliyomzunguka. Dereva ambaye basi lake limepinduka huitwa mzembe siku hiyo hiyo, lakini ni nadra kuulizwa alilala saa ngapi, ni nani aliyempangia safari ile, na kama breki zile aliwahi kuziripoti.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa undani ni ule wa meli ya Uingereza Herald of Free Enterprise, iliyopinduka tarehe 6 Machi 1987 dakika chache baada ya kutoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, na kuua watu 193. Meli iling'oa nanga huku milango ya omo, yaani milango mikubwa ya mbele inayopitisha magari, ikiwa wazi, na maji yakaingia moja kwa moja kwenye sitaha ya magari. Msaidizi wa serahangi, ambaye kazi yake ilikuwa kuifunga, alikuwa amelala chumbani mwake. Kama uchunguzi ungeishia hapo, mkosaji angekuwa amepatikana, tena mkosaji wa kweli. Lakini uchunguzi ulioongozwa na Jaji Sheen uliendelea kupanda ngazi. Serahangi mwenyewe, msimamizi wa mabaharia, aliiona milango iko wazi akaiacha kwa kuwa kuifunga hakukuwa sehemu ya kazi yake. Afisa wa kwanza, aliyepaswa kuhakikisha kwamba imefungwa, alitakiwa pia awe kwenye chumba cha usukani wakati huo huo. Nahodha hakuwa na njia ya kuiona milango kutoka alipokuwa, na kwa utaratibu uliokuwapo alihesabu kwamba asipoletewa habari ya kasoro basi meli iko tayari. Tena jambo hilo halikuwa geni: mwaka 1983 meli nyingine ya kampuni ile ile iliyoendesha Herald iliwahi kusafiri na milango wazi, na baadaye manahodha waliomba ziwekwe taa za kuonyesha kama milango imefungwa, ombi ambalo ofisi ya nchi kavu ililipokea kwa dhihaka.

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, aliyeandika kitabu kuhusu makosa ya binadamu mwaka 1990, hutofautisha makosa ya papo hapo, yanayofanywa na aliye karibu na chombo, na kasoro zilizojificha, zinazopandwa miaka mingi kabla na watu waliokaa mbali. Usingizi wa baharia ulikuwa kosa la aina ya kwanza. Dhihaka ya ofisini ilikuwa ya aina ya pili, na kwa haki ndiyo nzito zaidi, kwa maana baharia alishindwa na uchovu bila kujua, ilhali mwenye ofisi aliambiwa hatari ilipo akakataa kwa utambuzi kamili. Hata hivyo, kampuni iliposhtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kesi ilivunjika mwaka 1990, kwa sababu sheria ya wakati ule ilidai apatikane kiongozi mmoja wa juu ambaye yeye peke yake alikuwa na hatia ya kutosha. Kwa hiyo kosa lililogawanyika kwa wengi likawa, mbele ya sheria, kosa lisilo na mwenyewe. Uingereza ilitunga sheria mpya kuhusu hatia ya makampuni mwaka 2007, miaka 20 baada ya ajali.

Mwanafalsafa Dennis Thompson aliliita tatizo hilo, mwaka 1980, tatizo la mikono mingi: panapokuwa na watendaji wengi, kila mmoja huweza kuonyesha kwamba sehemu yake ilikuwa ndogo. Utetezi huo haufai kukubaliwa, kwa kuwa serahangi aliyeiona milango alihitaji kutamka sentensi moja tu.

Swali hugeuka kuwa gumu zaidi linapomfikia abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walikufa. Wapo waliouliza kwa nini watu walipanda chombo kilichojaa. Aristotle, katika maelezo yake ya matendo ya hiari, alitaja mabaharia wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba: wanachagua, lakini wanachagua kile ambacho hakuna mwenye akili angekichagua pasipo shinikizo. Mkazi wa kisiwani anayerejea nyumbani, asiye na usafiri mwingine wa kutegemea, yumo katika hali ya namna hiyo hiyo, na kumlaumu yeye sawasawa na mwenye mamlaka ya kukizuia chombo kisiondoke ni dhuluma. Uzito wa lawama hupimwa kwa kile mtu alichokijua, uwezo aliokuwa nao na njia nyingine zilizokuwa wazi kwake.

Matokeo ya kudumu zaidi ya msiba wa Zeebrugge yalihusu wajibu wa siku zijazo. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi salama wa meli, iliyoanza kuwa lazima kwa meli za abiria za safari za kimataifa tarehe 1 Julai 1998, inaitaka kila kampuni imteue mtu wa nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja ya kuwafikia viongozi wa juu kabisa, ili onyo la mabaharia lisiishie kwenye meza ya mtu wa kati. Vivuko vya ndani ya nchi havibanwi na kanuni hiyo, lakini hakuna sheria inayomzuia mwenye kivuko, iwe serikali au mtu binafsi, kumteua mtu wa namna hiyo leo na kulibandika jina lake gatini, mahali ambapo kila abiria atalisoma kabla ya kupanda.