Donge gumu na mashine ya nyumbani: piga hesabu kabla ya kupokea oda

Wauza vitafunwa wenzangu wa Masasi na Newala, minada ya korosho ya MAMCU na TANECU ikishaanza Oktoba, hela inazunguka na simu inaita. Leo skonzi za shughuli, kesho mikate ya dukani. Huo ndo msimu ambao mashine za kukandia za nyumbani zinaungua.

Mimi nakanda donge gumu: kilo 1 ya unga kwa nusu lita ya maji. Mkate wake hausambai, unabaki na umbo na unavumilia safari ya gari. Lakini kwa mashine, donge hilo ni mzigo mzito kuliko lile laini la maji mengi. Bakuli linaweza kumeza kilo 1 na nusu, ila mota na gia haziwezi. Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Zile ni umeme unaoliwa, siyo nguvu inayofika kwenye donge.

Ninavyofanya:

1. Nusu kilo ya unga kwa awamu moja, hata kama bakuli ni la lita 5.

2. Maji yanatangulia, unga unafuata kidogo kidogo. Mafuta yanaingia mwisho.

3. Dakika 2 za kuchanganya tu, halafu nafunika dakika 20. Unga unakunywa maji na donge linaanza kulainika lenyewe. Mwokaji Mfaransa Raymond Calvel alielezea mapumziko haya mwaka 1974, yeye akiacha chumvi na hamira ziingie baadaye. Ni kazi ya bure, mashine haiguswi.

4. Narudisha kwa dakika 4, spidi ya chini. Hata KitchenAid wanaelekeza spidi ya 2 kwa donge la mkate, isizidi hapo.

5. Namalizia kwa mkono kwenye kibao: nasukuma, nakunja, nasukuma tena, mpaka liwe nyororo.

Mlio ukishuka, kichwa kikirukaruka au mgongo wa mashine ukichoma kiganja, zima. Gawa donge mara mbili, usiongeze spidi. Na Masasi kwenye joto, tumia maji ya baridi, maana msuguano unapasha donge na hamira inakimbia. Newala juu kwenye upepo, maji ya kawaida yanatosha.

Sasa hesabu yenyewe. Nusu kilo inakula dakika 6 za mashine. Ongeza dakika 9 za kuipoza, ni robo saa. Oda ya kilo 5 za unga ni awamu 10, yaani saa 2 na nusu, kabla hujakata wala kuoka. Awamu moja ikiwa imefunikwa, nyingine inaingia, kwa hiyo muda haupotei.

Mteja akitaka kilo 10 kwa asubuhi moja, mwambie ukweli: nusu leo, nusu kesho, au tafuta msaidizi wa kukanda kwa mikono. Waranti nyingi za mashine za nyumbani hazihusu matumizi ya biashara. Ikiungua katikati ya msimu, gharama ni yako, na oda zote zilizobaki zinaondoka nayo.

Wewe unakanda kilo ngapi kwa awamu moja? Tuambie hapa, na mtumie mwenzio anayejiandaa na msimu.