Mtoto Asiyetulia Darasani Apimwe Kwanza

Mazoezi ya ubongo ya kompyuta kwa watoto wenye ADHD, yaani hali ya kushindwa kutuliza mawazo na mwili kupita kiasi cha umri wao, yana ahadi nyepesi kueleweka: mtoto akariri mfululizo wa tarakimu au picha kwenye skrini, ugumu upande kila anapofaulu, na umakini huo aende nao hadi darasani. Mwaka 2005 mtafiti Torkel Klingberg na wenzake wa Sweden walichapisha matokeo ya mazoezi hayo yaliyowatia wazazi moyo. Uchambuzi wa majaribio mengi uliofuata, ukiwemo wa Samuele Cortese na wenzake wa mwaka 2015, ulipunguza shauku hiyo. Kumbukumbu iliyozoezwa huimarika kweli. Lakini watathmini wasiojua ni mtoto yupi aliyefanya mazoezi huona mabadiliko madogo mno ya tabia. Wanaoona makubwa ni wale wanaojua.

Wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, zina sababu ya ziada ya kutokimbilia skrini. Huku tegu wa nguruwe ni tatizo la siku nyingi. Mtu akimeza mayai ya tegu huyo kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu, viluwiluwi huweza kujikita kwenye ubongo na kuleta kifafa. Watafiti katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, waliona dalili za viluwiluwi hivyo kwenye picha za ubongo za zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi wa kifafa. Na si kila kifafa humwangusha mtoto. Mwalimu anasoma imla, kalamu inasimama katikati ya neno, macho yanakodoa, kisha mtoto anaendelea huku sentensi nzima ikikosekana daftarini. Huyo huitwa mzembe. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa 2011 ulikuta matatizo ya tabia kwa zaidi ya nusu ya watoto wenye kifafa, na kwa takribani mmoja kati ya watano wasio nacho.

Atakayepinga atataja Uganda, ambako watafiti Paul Bangirana na Michael Boivin waliwapa mazoezi kama haya watoto walionusurika malaria ya ubongo, na alama za baadhi ya vipimo zikapanda. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila watoto wale walikuwa wamejeruhiwa na ugonjwa unaojulikana, na alama za kipimo si utulivu wa darasani. Mwingine atauliza mwalimu mwenye darasa lililofurika atafanya nini. Atamkalisha mtoto mbele, atampa agizo moja kwa wakati na kumtaka alirudie, atamtuma kufuta ubao anapoanza kuhangaika, na ataacha kiboko, kwani hakiongezi umakini. Hayo hayahitaji umeme. Fedha zikipatikana, zianzie kwenye upimaji wa macho, masikio na kifafa, kisha mafunzo ya walimu na wazazi. Programu za kompyuta zisubiri zithibitishe faida yake darasani.