Ndege Ambazo Hazikuruka: Kazi ya Kubuni Mifano ya Vyombo Visivyoundwa

Kila mwanafunzi aliyewahi kuchonga gari la mti au kukunja ndege ya karatasi anaifahamu furaha ya kukishika mkononi kitu ambacho chenyewe ni kikubwa mno na kiko mbali. Kwa kawaida mfano wa ndege hutokana na ndege iliyopo: mtengenezaji huiendea, huipima, kisha huipunguza. Lakini iko aina nyingine ya mifano ambayo asili yake haipo popote duniani. Hiyo ni mifano ya ndege na vyombo vya anga vilivyobuniwa na wahandisi, vikachorwa, vikakokotolewa uzito na kasi, kisha visiundwe kamwe. Je, mtu huwezaje kupunguza ukubwa wa kitu kisichokuwapo? Na kazi hiyo ina manufaa gani kwa elimu? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo mawili.

Chimbuko la kazi hii

Mwezi Machi 1952 gazeti la Marekani liitwalo Collier's lilianza kuchapisha mfululizo wa makala juu ya safari za anga. Humo mhandisi Wernher von Braun alieleza roketi ya ngazi tatu, yenye kimo cha meta 81 hivi na kitako chenye kipenyo cha meta 20 hivi. Uzito wake wakati wa kuondoka ulikadiriwa kuwa tani 6,400 hivi, na ngazi ya kwanza ingesukumwa na injini 51. Ngazi ya tatu ilipewa mabawa ili irudi na kutua kama ndege. Kazi ya roketi hiyo ingekuwa kupeleka juu sehemu za kituo cha anga chenye umbo la gurudumu, kipenyo chake meta 76, ambacho kingeizunguka dunia mara moja kila saa 2.

Wakati huo hapakuwa na setilaiti hata moja iliyotengenezwa na binadamu. Sputnik ya kwanza ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957, na Yuri Gagarin alikwenda anga za juu tarehe 12 Aprili 1961. Hata hivyo, vijana wa Marekani walikuwa wamekwisha kuviunganisha vyombo vya anga mezani kwao. Kampuni ya Strombecker iliuza mifano ya vyombo vilivyoonyeshwa katika filamu za Disney, na mwaka 1959 kampuni ya Monogram ilitoa mifano iliyobuniwa na Willy Ley, mwandishi wa sayansi mzaliwa wa Ujerumani, ambaye pia alikuwa mmoja wa walioandika katika Collier's. Kwa hiyo mfano ulitangulia kuwapo kabla ya chombo, na katika baadhi ya mifano hiyo chombo chenyewe hakikufuata kamwe.

Hatua ya kwanza: kuchagua ushahidi

Mtu anayekusudia kubuni mfano wa namna hii huanza kazi yake katika maktaba, si katika karakana. Hukusanya michoro ya wahandisi, ripoti, majedwali ya vipimo na picha za wachoraji. Hapo ndipo hugundua tatizo la kwanza, nalo ni kwamba chombo kisichoundwa hakina umbo moja. Roketi ya von Braun ya mwaka 1952 ilikuwa na ngazi tatu. Lakini roketi aliyoieleza katika filamu ya Disney iliyoonyeshwa mwezi Machi 1955 ilikuwa na ngazi nne. Ni mhandisi yule yule na lengo lile lile, lakini michoro ni miwili.

Mfano mwingine ulio wazi ni ndege ya abiria Boeing 2707, iliyokusudiwa kuruka kwa kasi ya mara 2.7 ya kasi ya sauti. Serikali ya Marekani iliichagua mwishoni mwa mwaka 1966. Wakati huo ilikuwa na urefu uliozidi meta 90, na mabawa yake yangeweza kukunjuliwa wakati wa kupaa na kutua, kisha kurudishwa nyuma wakati wa mwendo wa kasi. Ili jambo hilo liwezekane, kila bawa lilihitaji bawaba kubwa yenye kustahimili mzigo mzito. Uzito wa mitambo hiyo ulikula nafasi ya abiria na mafuta, hata mwaka 1968 wahandisi wakaliacha wazo hilo na kuchora ndege mpya yenye mabawa yasiyosogea. Mwezi Machi 1971 Bunge la Marekani lilikataa kuendelea kutoa fedha, na kazi ikasimama kabla ya ndege hata moja kukamilika.

Basi mwenye kubuni mfano wa Boeing 2707 hana budi kusema ni 2707 ipi. Akichukua kiwiliwili cha mchoro wa mwaka 1966 na mabawa ya mchoro wa mwaka 1968, atakuwa ametengeneza ndege ambayo hakuna mhandisi aliyeifikiri. Mfano wake unaweza kupendeza macho, lakini utakuwa unasema uongo.

Hatua ya pili: skeli

Skeli ni uwiano kati ya urefu wa mfano na urefu wa kitu chenyewe. Skeli zinazotumiwa sana katika mifano ya ndege ni 1:48, 1:72 na 1:144. Uchaguzi wa skeli si jambo la kubahatisha. Roketi ya Collier's katika skeli ya 1:72 ingekuwa na kimo cha sentimeta 112, yaani ingemfikia mtoto mdogo kifuani au zaidi. Katika skeli ya 1:144 kimo huwa sentimeta 56 na kitako sentimeta 14, ukubwa unaofaa kuwekwa juu ya rafu.

Yafaa mwanafunzi akumbuke hapa kanuni muhimu ya jiometri. Urefu ukigawanywa kwa 144, eneo hugawanywa kwa 144 mara 144, yaani 20,736. Na ujazo hugawanywa kwa 144 mara tatu, yaani 2,985,984. Kama roketi hiyo ya tani 6,400 ingepunguzwa bila kubadili densiti yake, mfano ungekuwa na uzito wa kilo 2 na ushei tu. Kanuni hiyo hiyo, ikigeuzwa, huonyesha kwa nini ndege haiwezi kukuzwa ovyo: ukiongeza urefu wake mara mbili, eneo la mabawa huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Michoro mingi ya vyombo visivyoundwa ilikwama katika hesabu hii.

Tena, si kila kitu hukubali kupunguzwa. Bamba la aluminiamu lenye unene wa milimeta 2 likipunguzwa kwa 1:72 hubaki na unene usiofikia milimeta 0.03, na plastiki nyembamba kiasi hicho haishikiki. Mbunifu hulazimika kutumia ukuta wa milimeta 1 hivi, ambao katika skeli ya 1:144 ni sawa na bamba lenye unene wa sentimeta 14.4. Ndiyo sababu ncha za nyuma za mabawa ya mfano huwa nene kupita kiasi, na fundi mwenye bidii huzikwangua kwa tupa.

Hatua ya tatu: kuugawa mfano katika vipande

Vipande vya mifano ya viwandani hutengenezwa kwa polistaireni iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu huwa na nusu mbili zinazofungana na kufunguka. Kila kipande lazima kiwe na umbo linaloweza kutoka ndani ya kalibu bila kukwama. Kwa hiyo kuta zake hulazwa kidogo, na hakuna sehemu inayoruhusiwa kujipinda kwa ndani kama ndoana. Kiwiliwili cha ndege hupasuliwa katikati, kushoto na kulia, ili kila upande utoke peke yake. Pale ambapo plastiki ni nene mno, sehemu ya ndani hupoa baadaye na kusinyaa, ikaacha kibonyeo usoni.

Kalibu za chuma zina gharama kubwa, na gharama hiyo hurudi tu iwapo seti nyingi zitauzwa. Kwa sababu hiyo ndege zisizojulikana na wengi zilisahauliwa na viwanda vikubwa kwa muda mrefu. Siku hizi mambo yamebadilika. Mbunifu huchora umbo katika kompyuta, na mashine hulijenga tabaka kwa tabaka. Au humimina resini katika kalibu za mpira na kupata nakala chache. Watu wachache wanaweza kuhifadhi kumbukumbu ya kazi ambayo viwanda viliipita.

Hatua ya nne: kujaza mapengo

Hapa ndipo penye ugumu hasa. Mchoraji wa picha ya gazeti anaweza kuficha nyuma ya wingu kile asichokijua, lakini mbunifu wa mfano hana wingu. Lazima mfano uwe na upande wa chini. Magurudumu yakichorwa yameteremshwa, hana budi kuonyesha yanakokunjiwa, na pengine atagundua kwamba nafasi ile imekwisha kuchukuliwa na tangi la mafuta au bomba la injini. Hivyo mfano huuhoji mchoro, na mara nyingine hufichua kosa ambalo karatasi ililivumilia.

Katika kujaza mapengo mbunifu mwaminifu huyatenga mambo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yaliyoandikwa katika michoro, kama urefu na idadi ya injini. La pili ni yale yanayotokana na hesabu: tukiujua uzito wa mafuta na densiti yake, twaweza kupata ujazo wa tangi. La tatu ni makisio matupu, kama rangi ya mkia au mpangilio wa viti. Makisio si dhambi. Dhambi ni kuyachanganya na mambo ya hakika bila kumwambia mnunuzi.

Tukio la mwaka 1986 lafundisha mengi. Kampuni ya Testors ya Marekani ilitoa mfano wa ndege ya kivita iliyosemekana kuwa haionekani kwa rada, ikauita F-19. Serikali ilikuwa bado inaificha ndege ya aina hiyo, na mbunifu, John Andrews, aliijenga sura yake kutokana na kanuni zilizojulikana za rada. Mfano ukapata umaarufu mkubwa hata ukaonyeshwa katika kikao cha Bunge la Marekani, ambako wabunge walikuwa wakihoji juu ya ulinzi wa siri. Mwezi Novemba 1988 picha ya ndege halisi, F-117, ilitolewa. Mfano ulikuwa wa mviringo na laini. Ndege ilikuwa na nyuso bapa na kingo kali, kwa kuwa kompyuta za miaka ya 1970 ziliweza kukokotoa mwangwi wa rada kutoka nyuso bapa, lakini si kutoka nyuso zilizopinda. Watu waliokuwa wameushika mfano mikononi waliamini wameiona ndege. Plastiki ngumu huipa dhana sura ya ukweli.

Je, kutoundwa ni kushindwa?

Wengine husema kwamba chombo kisichoundwa ni wazo lililokosea. Historia haikubaliani nao moja kwa moja. Injini 51 za von Braun zilionekana nyingi mno pale roketi ya Saturn V ilipowapeleka watu mwezini mwaka 1969 kwa ngazi ya kwanza yenye injini 5 tu; nayo roketi ya Kirusi N1, yenye injini 30, ilishindwa mara zote nne iliporushwa kati ya mwaka 1969 na 1972. Lakini mwaka 2023 roketi ya Marekani iitwayo Starship ilianza majaribio ikiwa na injini 33 katika ngazi ya kwanza. Na lile wazo la chombo chenye mabawa kinachorudi na kutua lilitimia tarehe 12 Aprili 1981, Space Shuttle iliporushwa kwa mara ya kwanza, ikatua siku mbili baadaye.

Zoezi kwa madarasa

Walimu wa hisabati na fizikia wanaweza kulitumia jambo hili bila gharama kubwa. Chukueni skeli ya 1:200. Roketi ya Collier's itakuwa na kimo cha sentimeta 40.5 na kitako cha sentimeta 10. Wanafunzi wachore pia karatasi, wakate koni na silinda za manila, na kuzigundisha. Kisha wapake rangi tatu: moja kwa sehemu ambazo vipimo vyake vimeandikwa katika makala haya, ya pili kwa sehemu walizozipata kwa hesabu, na ya tatu kwa sehemu walizozikisia. Mwalimu asishangae rangi ya tatu ikifunika sehemu kubwa ya mfano, wala asiwakemee wanafunzi kwa hilo. Awaulize tu: ni swali gani, likijibiwa, litapunguza rangi hiyo? Mwanafunzi atakayelitunga swali hilo vizuri atakuwa ameanza kazi ya mtafiti.