Tusiache Dawa Njiani

Ushirikiano na mataifa ya nje si jambo geni Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilikubaliana na Tanganyika kuanzisha hapa kituo cha elimu, afya na kilimo, na mwaka 1970 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Serikali yetu. Wageni walileta mbegu. Kulima kukabaki kwetu.

Vita dhidi ya kifua kikuu navyo vimekwenda hivyo hivyo. Mwaka 1977 Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Dkt. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, alisisitiza mambo matatu: makohozi yapimwe kwa darubini, mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu katika miezi ya mwanzo, na jina lake lisitoke katika daftari la wilaya mpaka ijulikane kama amepona. Shirika la Afya Duniani, lililotangaza mwaka 1993 kuwa kifua kikuu ni dharura ya dunia, liliyachukua mafunzo hayo ya Tanzania na kuyaeneza kwa mataifa mengine.

Leo matibabu ya kawaida ni miezi 6, na dawa hutolewa bure. Hata hivyo, Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika hilo ya miaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Hatari iko kwa mgonjwa anayepata nafuu mwezi wa pili akaacha dawa: vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu, na jamaa zake wakaambukizwa.

Twawafikiria hasa ndugu zetu wa Mafia. Makao makuu ya mkoa wao ni hapa Kibaha, lakini bahari iko katikati. Kusi ikivuma, vyombo huchelewa. Na mvuvi aliyeko dago hafiki zahanati kwa urahisi. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa Mkoa wa Pwani wahakikishe kuwa akiba ya dawa inafika kisiwani mapema, na kwamba mgonjwa anayehama dago anapewa barua ya kumpokelea dawa aendako.

Nanyi wananchi wa visiwani, kikohozi kikifika wiki mbili, nendeni mkapimwe. Aliyekwisha kuanza dawa, jamaa zake hawana budi kumhimiza mpaka kidonge cha mwisho. Utafiti wa mataifa umetupatia dawa. Kuzimaliza ni wajibu wetu wenyewe.